Sijaamkiwa Bado

Agape alikuwa na zoea moja, na tafadhali msimcheke. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, kabla hata ya kufungua mlango ili mwenye nyumba wake ajue kwamba ameamka salama, alifungua laptop na kutafuta nukta moja kwenye skrini. Nukta yenyewe ndogo kama punje ya ulezi. Akiikuta ya kijani alishusha pumzi, akachukua ndoo yake akaenda kuoga. Nukta ya kijani maana yake mama yake, kule juu Myamba, amepokea simu, ameitikia salamu na amekunywa dawa ya presha. Basi, hayo tu. Mtu na mama yake mzazi, mwaka mzima na ushee, walikuwa wanajuliana hali kwa nukta.

Sasa mtauliza, kwani kutoka Same hadi Myamba ni Ulaya? Si unapanda basi mchana, unatikiswa kwenye zile kona za mlimani, na kabla giza halijaingia uko nyumbani umeshikilia bakuli la makande? Ni kweli kabisa. Ila kati ya Agape na mama yake palikuwa na kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao, cha kuegemeza mikono, chenye kitambaa cha kufuma mgongoni. Nyumbani kwao walikiita kiti cha mchungaji, kwa sababu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Mtoto akikigusa alikula kofi. Mchungaji alipopita, mara mojamoja, kilitolewa konani, kikafutwa vumbi, akakaa, akanywa chai, akaomba, akaondoka, nacho kikarudishwa mahali pake. Baba yake Agape alipofariki, ghafla tu, akiwa shambani kwenye tangawizi zake, Agape alikuwa Dar es Salaam, na ofisi yake ilikuwa inazindua mfumo mpya kesho yake. Bosi akamwambia, maliza hili kwanza, ndipo uende. Akamaliza. Alipofika Myamba watu walikuwa wameshaosha makoleo, na maua juu ya kaburi yameanza kunyauka.

Aliingia ndani analia. Mama yake alikuwa ameketi mkekani na wanawake wa ukoo, miguu ameinyoosha, khanga kichwani. Hakuinua uso. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi: "Mpeni mgeni kiti."

Kikaletwa kile cha mchungaji. Na Agape, jamani, akakikalia! Hapo ndipo alipoharibu. Angekisukuma kando, angejitupa mkekani, angemshika mama yake miguu, wangelia mpaka wachoke na yangeishia hapohapo. Lakini alikuwa amechoka na safari, ameona aibu, macho yote yanamtazama yeye, akakaa. Akabaki amekaa juu peke yake, wenzake wote wako chini. Asubuhi yake alishuka mlimani bila kuaga vizuri. Tangu siku hiyo mama hakupiga simu, na yeye hakupiga. Kaka yake mkubwa, Eliamini, anayeishi Mwanza, alijaribu kuwapatanisha, akaambiwa na pande zote mbili kwamba mbona hakuna ugomvi wowote. Akawaacha na ukaidi wao.

Ofisi ile ya Dar, iliyomnyima ruhusa ya kumzika baba yake, haikukaa sana ikafungwa. Agape akafungasha, akapanda basi la kwenda kwao, na alipofika Same miguu ikakataa kuendelea. Akapanga chumba uani kwa Bi Mwanaidi, mama wa makamo anayeuza vitenge karibu na barabara kuu. Kazi akapata kwenye kampuni ndogo ambayo wafanyakazi wake kila mtu anafanyia kwake. Wenzake aliwajua kwa majina na kwa maandishi tu. Hakujua nani mrefu, nani mfupi, nani anacheka kwa sauti. Mchana kutwa ilikuwa ni yeye na laptop na upepo wa Same, ule upepo usiojua kupumzika, unaobamiza mabati na kujaza vumbi kwenye kikombe cha chai. Kuna siku zilizofika jioni hajatoa neno mdomoni zaidi ya "asante" kwa muuza maandazi. Siku nyingine alijisemesha mwenyewe ili ajue kama sauti ingalipo. Alikuwa mpweke, alijua kwamba ni mpweke, na hakujua aanzie wapi kuacha kuwa hivyo. Na ukifungua dirisha la chumba chake, unachokiona ni milima ya kwao. Alilifunga muda mwingi, akasingizia vumbi.

Kazi yenyewe ilikuwa mfumo wa kuwapigia simu wazee wenye presha na kisukari vijijini, kuwakumbusha dawa. Wazee wengi hawahangaiki na kusoma meseji. Kwa hiyo mashine inapiga, inasalimia, inakumbusha, na mzee anabonyeza moja kama amekunywa. Sehemu ya salamu aliiandika Agape, na hapo sifa yake mpeni, alitumia akili. Alijua mzee wa Upareni huwezi kumrukia tu na habari za vidonge. Unamwamkia kwanza. Unasema shikamoo, halafu unafunga mdomo wako, unangoja marahaba. Basi programu yake ilifanya hivyohivyo: inaamkia, inanyamaza, inatega sikio, ikishasikia sauti ya mtu ndipo inaendelea. Sauti iliyotumika ilikuwa yake mwenyewe. Alijirekodi humo chumbani, amejifunika blanketi gubigubi ili upepo usiingie kwenye rekodi, jasho linamchuruzika.

Mradi ulipofika Myamba, mhudumu wa afya wa kijiji, kijana anaitwa Paschal, aliyesoma na Agape shule ya msingi, aliwaandikisha wazee wake kwenye mfumo. Agape akaiona humo namba ya mama yake. Namba ile hakuhitaji kuisoma mara mbili. Akanyamaza, hakumwambia mtu. Kesho yake asubuhi nukta ikawa ya kijani. Mama alikuwa ameambiwa shikamoo kwa sauti ya binti yake, naye ameitikia.

Kama aliitambua sauti ile au hakuitambua, Agape hakujua. Angeweza kujua. Mashine hurekodi simu nzima mpaka ikatike, ili ijue kama kuna mtu au hakuna, na rekodi hizo hukaa kwa muda kabla ya kufutika. Alijiambia si adabu kusikiliza sauti za wazee wa watu. Uongo mtupu! Aliogopa kumsikia mama yake akisema marahaba ile ya kumjibu mpita njia.

Wakaenda hivyo, mpaka asubuhi moja nukta ikawa nyekundu.

Kwanza alisema ni mtandao. Kesho yake ikawa nyekundu tena, akasema labda simu ya mama haina chaji, kuna ukungu huko juu, sola imegoma. Ilipokuwa nyekundu kwa mara nyingine alibaki amesimama na mswaki mdomoni mpaka povu likamshukia kidevuni. Si mama tu. Wazee wengine nao walikuwa wanageuka wekundu, mmoja huku, mwingine kule. Kabla hajafikiri la kufanya, Paschal akapiga.

"Dada Agape, za huko?"

"Nzuri. Wazee vipi?"

"Ndiyo nakupigia hayohayo. Wanaikatia mashine yako simu. Wanasema siku hizi imekuwa na kiburi." Paschal akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Lakini anayenitia wasiwasi ni mama yako. Vidonge hanywi. Jana nimemkuta amejishikilia kwenye fremu ya mlango, kizunguzungu. Kumpima, presha iko juu vibaya sana. Nikamwambia, mama, si dawa hizi hapa mezani? Unajua amenijibu nini? 'Sijaamkiwa bado.'"

"Hajaamkiwa?"

"Ndiyo maneno yake. Anasema yeye huamkiwa kwanza, ndipo anakunywa. Nimemnywesha jana kwa kumbembeleza, na leo nitapita, lakini nina kijiji kizima mimi. Hii presha siyo ya kuchezea, dada. Inaweza kumwangusha wakati wowote." Akasita kidogo. "Au mpigie mwenyewe."

"Nitaangalia mfumo," Agape akasema.

Mnamsikia? Mtu anaambiwa mpigie mama yako asije akaanguka, anasema ataangalia mfumo. Lakini msimwone hana huruma. Alijua kuhangaika na mfumo. Kumpigia mama hakujua tena.

Akafungua kile kipande chake cha programu, alichokipa jina salimu. Akakisoma mstari kwa mstari. Kilikuwa sawa. Akakisoma tena kwa sauti, akifuata kwa kidole, na hakuna herufi iliyosogea. Shikamoo, nyamaza, sikiliza, endelea. Akaongeza mstari mmoja ndani yake, wa kuandika neno "nipo" kwenye skrini kila kipande hicho kinapoitwa kufanya kazi. Akaiunda programu upya, akaielekeza ipige simu yake mwenyewe.

Simu ikalia, akapokea. Sauti asiyoijua, laini, ya msichana wa matangazo, ikamwambia kwa pumzi moja: "Habari za asubuhi mpendwa mteja tunakukumbusha dawa zako bonyeza moja!" Na kwenye skrini neno "nipo" halikutokea.

Agape akaitazama simu kama imemtukana. Mpendwa mteja! Mzee aliyezaa na kulea, aliyezika mume, anapigiwa asubuhi na mtoto asiyemjua, shikamoo hapewi, anaitwa mpendwa mteja, na kabla hajafungua mdomo anaamriwa kubonyeza. Ndiyo maana walisema kiburi. Akarudia jaribio lile mara kadhaa, na kila mara yuleyule msichana, na kila mara "nipo" hakuna. Kipande chake kilikuwepo, kizima, kimeandikwa vizuri, na hakuna anayekiita. Machozi yakamlengalenga, akajishangaa. Nani analilia programu?

Akampigia, kwa mara ya kwanza, mwenzake wa kazini, Muhidin, aliyeko Dodoma, akamwelezea sauti ile.

"Hiyo sauti? Ni ya kwangu hiyo," Muhidin akasema, na nyuma yake mtoto analia. "Ya mradi wa zamani wa kupigia wateja. Lakini mimi sijakwambia uitumie. Mimi nilikupa maktaba yangu ya programu kwa ajili ya kusafisha sauti tu, kule mtandao unakokwaruza."

"Na mimi sijaitumia. Nimeita salimu yangu."

"Basi inatakiwa iende. Kwangu hapa inafanya kazi. Samahani dada, mtoto huyu, nitakutafuta."

Kwangu hapa inafanya kazi! Waandishi wote wa programu husema hivyo, na hakuna aliyewahi kusaidiwa nayo. Agape akaweka simu chini. Akabaki na upepo wake.

Ilibaki njia moja. Kama angejua ni asubuhi gani hasa sauti ilibadilika, angejua ni kitu gani alikigusa siku ya kuamkia hapo. Na ili ajue, ilibidi asikilize rekodi, moja baada ya nyingine, akirudi nyuma. Angeweza kuchagua za mzee yeyote. Mkono ukaenda kwenye za mama yake. Akajikaza kisabuni, akavaa visikizio, akafungua ile ya mwisho.

"Habari za asubuhi mpendwa mteja—"

"We nani?" Ilikuwa sauti ya mama. Imekauka kidogo, lakini yake. "Mpe simu mwanangu."

Kisha simu ikakatwa.

Agape alivua visikizio, akavivaa tena. Mwanangu. Amesema mwanangu. Kwa hiyo alijua! Akafungua ya siku iliyotangulia, na nyingine, zote zilezile, mpendwa mteja na mama akiuliza mwanangu yuko wapi. Akarudi nyuma zaidi, mpaka akafika asubuhi ambayo sauti ilikuwa bado ni yake.

"Shikamoo," ilisema sauti yake mwenyewe.

"Marahaba, Agape. Umeamkaje? Sikiliza, kile kiti—"

"Tafadhali, kama umekunywa dawa, bonyeza moja."

Piii.

Akafungua ya nyuma yake. Marahaba mwanangu, kile kiti cha mchungaji — tafadhali, kama umekunywa dawa. Nyingine tena, mama anaharakisha, maneno yanakimbizana kama mtu anayewahi lango lisifungwe, marahabaagapekilekiti, na bado hakuwahi. Nyingine, mama ameamua kutumia ujanja: ameitikia, ametulia, ameacha mashine iseme yake, amebonyeza moja, ndipo anasema, "Haya, nimebonyeza. Sasa Agape—" na sauti ya Agape inamjibu, "Asante. Siku njema," na kukata.

Kila siku. Siku zote zile alizokuwa anashusha pumzi kwa sababu ya nukta, mama yake alikuwa anajaribu kumwambia jambo, na anayemkatiza ni yeye. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika mashine hivyo. Ukishasikia sauti, endelea. Alidhani marahaba ni neno moja, likishasemwa limekwisha. Agape alilia humo ndani, safari hii bila kujiuliza analilia nini.

Mlango ukagongwa. Bi Mwanaidi, na kikombe cha uji.

"Mwanangu, nasikia sauti ya mama mtu mzima humu. Umepata mgeni usiniambie?"

Kumbe visikizio vilikuwa vimechomoka, na mama alikuwa anaongea chumba kizima.

"Ni mama yangu, Bi mkubwa."

"Ala! Amekuja? Mbona hujanikaribishia nimsalimu?"

"Hajaja. Yuko Myamba."

"Aa, ni simu." Bi Mwanaidi akamtazama macho mekundu, akaweka uji juu ya meza. "Basi msalimie sana. Mwambie nasema ana binti mtulivu mno, mpaka tunasahau kama yupo."

Akatoka. Alikuwa anamsifu, masikini, hakujua amemchoma wapi. Agape akanywa uji ule wote huku anatazama tarehe ya rekodi ya mwisho yenye sauti yake. Siku ya kuamkia badiliko alikuwa amefanya jambo moja tu. Aliongeza maktaba ya Muhidin kwenye programu, akaiweka juu ya yake.

Hapo akaelewa, na akajipiga paji la uso.

Jambo lenyewe ni hivi. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Watu huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, vilivyokusanywa kwenye mafungu yanayoitwa maktaba, na kila kipande kina jina lake la kuitiwa. Mwisho wa kazi anakuja kiunganishi, programu nyingine ambayo kazi yake ni kuyaunga mafungu hayo yawe kitu kimoja. Kikikuta mahali pameandikwa "mwite salimu", kinaanza kupekua maktaba kwa mpangilio zilivyowekwa. Kikimkuta salimu wa kwanza, kazi imekwisha, kinamfunga hapo. Hakiulizi kama kuna mwingine. Hakilalamiki, hakionyi, hakinong'oni hata neno. Na Muhidin, kwenye mradi wake wa wateja, naye alikuwa na kipande chake cha kusalimia, naye alikiita salimu. Angekiita nini kingine?

Agape akaiamuru kompyuta imtajie majina yote yaliyomo kwenye maktaba zote mbili. Akayapitisha macho taratibu. Salimu kwa Muhidin. Salimu kwake. Wawili, jina moja, kazi moja, tabia mbalimbali, na wa mbele ndiye aliyeshika nafasi. Ndiyo maana alikuwa anasoma kipande chake mpaka macho yanauma, haoni kosa. Kosa halikuwa ndani yake. Hakikuitwa tu.

Kurekebisha hakukumchukua muda. Cha kwake akakibadilisha jina, akakiita amkia_mzee, jina ambalo mtu wa kupigia wateja hawezi hata kuota kulitumia, na kila palipoandikwa la zamani akaandika jipya. Akamwandikia Muhidin naye afiche cha kwake ndani ya maktaba yake, kisionekane nje. Akaiunda upya, akaijaribu kwenye simu yake.

"Shikamoo," sauti yake ikasema. Kwenye skrini likaandikwa: nipo.

Halafu sauti ile ikanyamaza, inangoja. Agape naye alinyamaza na simu sikioni. Alitaka kuitikia ili jaribio likamilike, lakini nani anajiitikia marahaba mwenyewe? Wakangojana hivyo, yeye na yeye, mpaka mashine ikachoka ikakata.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akafungua laptop, akavaa visikizio na kujiunga kwenye simu ya mama, asikilize yenyewe inavyokwenda. Alijua safari hii itafanya kazi. Na tuseme ukweli wake wote: alikuwa anatumaini ifanye kazi ili asilazimike kufanya kitu kingine. Nukta irudi kijani, mama anywe dawa, maisha yaendelee kama yalivyokuwa.

Simu ikaita huko Myamba.

"Shikamoo."

"Marahaba! Wee, marahaba, mwanangu, umerudi?" Mama alikuwa anahema, bila shaka ametoka jikoni mbio. "Walikuwa wamekuweka wapi? Walinipa katoto fulani hakana hata adabu. Haya nisikilize kabla hujaniwahi, kile kiti—"

"Tafadhali, kama umekunywa dawa, bonyeza moja."

Agape akamsikia mama yake akiguna. Akasikia kopo la maji, akasikia anameza.

Piii.

"Asante. Siku njema."

Nukta ikawa ya kijani. Kila kitu kimekwenda kama alivyokiandika. Agape akaitazama nukta ile, ile aliyokuwa anaamka kwa ajili yake mwaka mzima na ushee, na akaiona ni nukta tu. Akachukua simu. Namba ile hakuitafuta popote, vidole viliijua. Ikaita, ikaita. Akawaza kukata. Ikapokelewa.

"Shikamoo, mama."

Nyuma kulikuwa na kuku wanagombana.

"Marahaba," mama akasema. Na mara hiyohiyo: piii.

Alikuwa amebonyeza moja.

Agape alicheka na kulia kwa pamoja, kitu kilichomtoka hata hakukijua jina. "Mama, usibonyeze. Si mashine. Ni mimi Agape."

"Najua ni wewe. Kwani siku zote nimekuwa nikimwitikia nani? Dawa nimekunywa sasa hivi tu, usinikatie."

"Sikukatii."

"Kila siku unanikatia."

"Leo sikukatii, mama. Sema. Kile kiti kimefanyaje?"

Sasa nafasi yote alikuwa nayo, na mama akashindwa kuanza. Agape akamsikia anavyovuta pumzi, akasikia anavyosogeza kitu kwa mguu, pengine kuku, pengine kigoda. Safari hii hakumwahi. Alingoja.

"Nilikipasua," mama akasema mwishowe. "Wiki ileile ulipoondoka. Nilichukua shoka mwenyewe, sikumtuma mtu. Nikapikia makande. Ndilo nililokuwa nataka ulijue."

"Kilikuwa kikavu," mama akaongeza. "Kiliwaka vizuri."

"Mama." Akapangusa pua kwa kiganja kama mtoto. "Na mchungaji akija anakaa wapi?"

"Anakaa benchi kama wenzake. Wewe unakuja lini?"